Kimya Kina Mshindo: Daftari la Ishara katika Kompyuta Zilizotawanyika

Alasiri ya tarehe 14 Agosti 2003, watu wapatao milioni 50 katika majimbo manane ya Marekani na katika jimbo la Ontario nchini Kanada walijikuta hawana umeme. New York, Cleveland, Detroit na Toronto ni baadhi ya miji mikubwa iliyoathirika. Mzigo uliopotea katika gridi ulifikia megawati 61,800. Kikosi kazi cha pamoja cha nchi hizo mbili kilitoa taarifa yake ya mwisho mwaka 2004, na taarifa hiyo ilionyesha kwamba sababu zilikuwa nyingi: miti iliyoachwa ikakua hadi kuzikaribia nyaya za msongo mkubwa, mafunzo yasiyotosha, na mawasiliano hafifu baina ya makampuni. Lakini mojawapo ya sababu hizo inamhusu hasa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta. Kompyuta zilizowekwa kuilinda gridi hazikuwa na habari sahihi juu ya gridi yenyewe, na katika chumba kimoja cha kuongozea mitambo, kwa zaidi ya saa nzima, hakuna aliyetambua kwamba habari zilikuwa zimekoma.

Makala haya yanaeleza tatizo linalojitokeza kila mara kompyuta nyingi, zilizo mbalimbali, zinapotumia kwa pamoja habari zinazobadilika daima. Tatizo hilo ni la kutunza daftari la ishara.

Ishara ni nini?

Katika somo la hisabati mwanafunzi huandika z = x + y, naye huelewa kwamba usawa huo ni wa kweli wakati wote. Katika lugha nyingi za kuandikia programu, mstari kama huo una maana nyingine: ni amri inayotekelezwa mara moja tu. Iwapo x itabadilika baadaye, z itabaki na thamani yake ya zamani mpaka mwandishi wa programu aagize hesabu irudiwe.

Namna nyingine ya kuandika programu inarudi kwenye maana ya hisabati. Mwaka 1979 Wamarekani Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa programu iliyoitwa VisiCalc, ambayo ni jedwali la hesabu lenye visanduku vingi. Mtumiaji akibadilisha namba katika kisanduku kimoja, visanduku vyote vinavyokitegemea hujihesabu upya. Mwaka 1997 Conal Elliott na Paul Hudak walichapisha kazi iliyolipa wazo la namna hiyo msingi wa kinadharia, wakieleza thamani ambayo kwa asili yake hubadilika kadiri muda unavyopita. Thamani ya namna hiyo huitwa ishara, na programu zilizojengwa kwa ishara huitwa programu zinazoitikia, kwa kuwa kila sehemu huitikia mabadiliko ya sehemu nyingine bila kungoja kuamriwa.

Joto la tanuri, kina cha maji katika bwawa, kiasi cha umeme kinachopita katika waya: vyote hivyo ni ishara. Baadhi hupimwa moja kwa moja kwa vyombo. Nyingine huzaliwa kwa hesabu, kama vile jumla ya umeme unaozalishwa na vituo vyote, ambayo huzaliwa kutokana na kipimo cha kila kituo.

Daftari la ushirika

Ishara zote zikiwa ndani ya kompyuta moja, kazi ni nyepesi. Kompyuta hiyo inajua kila ishara iko wapi na inategemea nini. Lakini gridi ya umeme haitoshi katika kompyuta moja. Vipimo hutoka katika vituo vilivyo mamia ya kilometa kutoka kimoja hadi kingine, na wanaovihitaji wako katika miji mbalimbali. Hapo ndipo hitaji la daftari la ushirika linapotokea.

Daftari la ishara hufanana na daftari la mahudhurio la shule, ila lina safu nyingi zaidi. Kwa kila ishara huandikwa jina lake, kompyuta inayoitoa, kipimo kinachotumika (mathalani megawati au kilovolti), ishara nyingine zinazoitegemea, na kompyuta zilizoomba kupelekewa habari zake. Mashine inayotaka kujua kina cha maji cha bwawa fulani hailazimiki kujua kilipo chombo cha kupimia. Huuliza daftari, huelekezwa, na tangu hapo hupokea habari kila kina kinapobadilika.

Kwa maelezo hayo, daftari laonekana kuwa jambo dogo. Lakini maswali matatu hulifanya kuwa gumu. Je, jina moja lina maana moja kwa watu wote? Je, habari zinazofika kutoka pande mbili ni za wakati mmoja? Je, ishara isiyotoa habari haijabadilika, au mtoaji wake amekufa?

Jina moja, kitu kimoja

Swali la kwanza lilijitokeza wazi katika mkasa wa mwaka 2003. Shirika lililosimamia usalama wa gridi katika eneo la kati-magharibi, liitwalo kwa kifupi MISO, lilikuwa na programu ya kukadiria hali ya gridi. Programu hiyo hukusanya vipimo vingi, huvilinganisha, na kila baada ya dakika tano hutoa picha moja ya gridi nzima. Ingawa haikuandikwa kwa lugha za programu zinazoitikia, kazi yake ni ile ile: ni ishara kubwa iliyozaliwa na ishara nyingi ndogo.

Ili kipimo kiingie katika programu hiyo chenyewe, makampuni yalipaswa kuafikiana juu ya majina, na kila jina liunganishwe na mahali pake. Siku hiyo njia moja ya umeme ya kilovolti 230 katika jimbo la Indiana ilikuwa imekatika, lakini hali yake ilikuwa bado haijaunganishwa na programu. Programu iliendelea kuihesabu njia hiyo kuwa nzima. Vipimo vilivyofika havikuafikiana na picha hiyo, na hesabu ikashindikana. Mtaalamu aliyekuwa zamu alizima mtambo unaoianzisha programu kila baada ya dakika tano, akarekebisha hitilafu, na ilipofika saa saba mchana akapata jibu sahihi. Lakini alisahau kuuwasha tena mtambo huo. Kosa hilo liligunduliwa kama saa nane na dakika 40. Programu ilipoanzishwa tena, ilishindwa tena, kwa kuwa njia nyingine, ya kilovolti 345 katika jimbo la Ohio, ilikuwa imekatika saa nane na dakika mbili. Njia hiyo ilikuwa chini ya shirika jingine la usimamizi, na hali yake nayo haikuwa imeunganishwa na programu ya MISO.

Programu ilirudi katika hali yake ya kawaida saa kumi na dakika nne. Dakika mbili hivi baadaye, gridi ilianza kuanguka.

Funzo la kwanza ni kwamba ishara isiyoandikwa daftarini haionekani kuwa imepotea. Nafasi yake hujazwa na dhana ya zamani. Kwa sababu hiyo mifumo mizuri hutoa majina kwa ngazi, yakianza na jina la mwenye ishara, kisha kituo, kisha chombo, ili kampuni mbili zisigongane kwa jina moja. Aidha daftari hutakiwa kuonyesha si ishara zilizopo tu, bali pia zile zinazohitajiwa ambazo bado hazina mtoaji.

Ya kale na mapya kuchanganyika

Swali la pili linahitaji mfano wa hesabu. Tuseme kituo kimoja hutoa ishara p, ambayo ni kiasi cha umeme kwa megawati. Kompyuta ya pili hupokea p na kutoa q, ambayo ni p + 10. Kompyuta ya tatu hupokea p na q, nayo imeagizwa kupiga kengele iwapo q si kubwa kuliko p. Kwa mantiki ya hisabati kengele hiyo haiwezi kulia kamwe, kwa kuwa p + 10 daima ni kubwa kuliko p.

Sasa p ibadilike kutoka 50 kuwa 70. Habari ya p hufika kwenye kompyuta ya tatu mara moja. Habari ya q hupitia kwanza kwenye kompyuta ya pili, hivyo huchelewa. Kwa kitambo kidogo kompyuta ya tatu huona p = 70 na q = 60, na kengele hulia. Hakuna chombo kilichoharibika na hakuna aliyekosea hesabu. Kilichotokea ni mchanganyiko wa habari mpya na habari ya kale.

Katika kompyuta moja dawa yake ni kupanga hesabu kwa utaratibu, yaani ishara isihesabiwe kabla ya zile inazozitegemea. Katika kompyuta zilizotawanyika hakuna anayeshika utaratibu huo kwa wote, wala hakuna saa moja inayoonwa na wote kwa usahihi kamili. Mwaka 1978 Leslie Lamport alionyesha kwamba si lazima kuwa na saa hiyo. Yatosha kujua tukio lipi limetangulia jingine kwa uhusiano wa chanzo na matokeo, na jambo hilo laweza kufuatwa kwa namba zinazoongezeka kila ujumbe unapotumwa.

Katika mfano wetu, kituo hukipa kila kipimo cha p namba ya mfululizo. Thamani 70 ikiwa ni kipimo cha 12, basi q inayotokana nayo nayo hubeba namba 12. Daftari huijulisha kompyuta ya tatu kwamba q inatokana na p. Kwa hiyo kompyuta hiyo inapopokea p yenye namba 12, hungoja q yenye namba hiyo hiyo kabla ya kutoa uamuzi, na kengele ya uongo hailii.

Kimya kina maana gani?

Dawa hiyo, hata hivyo, inaleta swali la tatu. Ikiwa kompyuta ya pili imezimika, ile ya tatu itangoja mpaka lini?

Katika programu zinazoitikia, ujumbe hutumwa pale tu panapotokea badiliko. Kwa hiyo kimya huchukuliwa kuwa na maana: hakuna jipya. Lakini mashine iliyokufa nayo hukaa kimya, na waya uliokatika hukaa kimya vivyo hivyo. Aliye upande wa pili hana njia ya kuvitofautisha vimya hivyo vitatu.

Ndivyo ilivyokuwa katika chumba cha kuongozea mitambo cha kampuni ya FirstEnergy huko Ohio. Saa nane na dakika 14 mchana, programu ya kengele za tahadhari ilikwama. Baina ya saa tisa na dakika tano na saa tisa na dakika 41, njia tatu za kilovolti 345 zilikatika baada ya kugusana na miti. Kengele hazikulia, na waendeshaji walikiona kimya hicho kuwa ni dalili ya amani. Simu zilizopigwa na makampuni ya jirani hazikulingana na walichokiona mbele yao. Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu, lakini mshindo huo hausikiki kwa asiyeandaa sikio la kuusikia.

Ugumu huu si wa uzembe wa waandishi wa programu peke yake. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kwa hisabati kwamba katika mtandao usio na ukomo wa ucheleweshaji, ikiwa hata mashine moja yaweza kuzimika, hakuna utaratibu usiotumia bahati nasibu unaoweza kuhakikisha kwamba nyingine zitafikia mwafaka daima. Kiini cha ugumu huo ni kwamba aliyekufa na aliyechelewa hawatofautiani. Basi wahandisi hulazimika kuamua kwa kutumia muda.

Njia iliyoenea ni ile iliyoelezwa na Cary Gray na David Cheriton mwaka 1989, inayofanana na upangaji wa nyumba. Mtoaji wa ishara haandikwi daftarini kwa kudumu, bali hupewa nafasi kwa muda maalumu. Kabla muda haujaisha hutakiwa kuomba nyongeza. Asipoomba, nafasi yake hufutwa, na wote wanaoitegemea ishara hiyo huarifiwa kwamba haina mwenyewe. Kimya cha mtoaji hugeuzwa kuwa ujumbe.

Muda wa upangaji huchaguliwa kwa hesabu. Tuseme daftari lina ishara 1,000, na kila ishara ina upangaji wa sekunde 10 unaoombewa nyongeza kila sekunde tatu. Maombi mawili mfululizo yakipotea njiani, la tatu laweza bado kufika kwa wakati. Lakini daftari hupokea maombi yapatayo 333 kila sekunde. Upangaji ukifanywa wa sekunde 60, na nyongeza kila sekunde 20, maombi hupungua hadi 50 kwa sekunde, lakini mtoaji aliyekufa aweza kuhesabiwa kuwa hai kwa takriban dakika nzima. Kwa kipima joto cha bustani dakika moja si kitu. Kwa njia ya umeme iliyolemewa, ni muda mrefu.

Yabaki hatari moja. Mashine iliyodhaniwa kufa yaweza kuwa ilisimama kidogo tu, kisha ikazinduka na kuendelea kutoa habari huku nafasi yake imekwisha kupewa nyingine. Kwa hiyo kila upangaji hupewa namba inayoongezeka. Ikiwa mtoaji wa kwanza alikuwa na upangaji wa 7 na wa pili amepewa wa 8, wapokeaji hukataa ujumbe wowote wenye namba 7.

Nani analitunza daftari?

Daftari likiwa katika mashine moja, kuzimika kwa mashine hiyo huwapofusha wote. Likinakiliwa katika mashine nyingi, nakala zaweza kutofautiana. Suluhisho linalotumika sana ni la wingi wa kura. Nakala zikiwa tano, badiliko huhesabiwa kuwa limekubaliwa linapoandikwa katika nakala tatu. Makundi mawili yoyote ya nakala tatu hayakosi nakala moja ya pamoja, kwa sababu 3 + 3 ni 6, nayo yazidi 5. Nakala hiyo ya pamoja ndiyo inayohakikisha kwamba uamuzi wa jana haupotei leo. Nakala tano huvumilia kuzimika kwa mbili, na nakala tatu huvumilia kuzimika kwa moja. Taratibu zinazojulikana za kazi hii ni Paxos ya Lamport, iliyochapishwa mwaka 1998, na Raft ya Diego Ongaro na John Ousterhout, ya mwaka 2014.

Mtandao ukikatika katikati, nakala mbili zikabaki upande mmoja na tatu upande wa pili, upande wa wachache hauruhusiwi kuandika. Hapo msanifu hukabiliwa na uchaguzi. Aweza kuzifanya nakala hizo mbili zikatae kujibu, au aziruhusu zijibu kwa habari ambayo huenda ni ya zamani. Eric Brewer alitoa hoja mwaka 2000, na Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha mwaka 2002, kwamba mtandao unapokatika haiwezekani kuwa na vyote viwili: habari zisizotofautiana popote, na jibu kwa kila aulizaye.

Uchaguzi ufaao hutegemea kazi. Anayetazama kina cha maji ili kuchora grafu ya mwezi atatosheka na thamani ya dakika tano zilizopita. Anayefungua lango la bwawa hatatosheka. Lakini katika hali zote mbili daftari linaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama kubwa: kila thamani itolewe pamoja na umri wake na hali ya upangaji wake. Kioo kinachoonyesha “megawati 70” na kioo kinachoonyesha “megawati 70, sekunde 95 zilizopita, mtoaji hajulikani alipo” havimpi mwendeshaji habari moja. Cha pili humwambia ainue simu.

Zoezi la darasani

Mwalimu aweza kuyaonyesha haya bila kompyuta, kwa wanafunzi wanne, vipande vya karatasi na saa.

Asha ni mtoaji: kila nusu dakika huandika namba p na kuwapelekea Juma na Neema. Juma huongeza 10 na kumpelekea Neema jibu, yaani q. Neema hulinganisha karatasi ya karibuni kutoka kwa kila mmoja, na hupiga meza iwapo q si kubwa kuliko p. Daudi hushika daftari lenye majina ya watoaji wawili.

Katika duru ya kwanza Juma aambiwe atembee polepole, na Asha apandishe namba kwa zaidi ya 10 kila mara. Darasa lihesabu kengele za uongo. Katika duru ya pili kila karatasi iwe na namba ya mfululizo, na Neema asilinganishe karatasi zenye namba tofauti. Kengele za uongo zitakoma.

Katika duru ya tatu Juma aambiwe kwa siri akae kimya kuanzia karatasi ya tano. Darasa lipime ni muda gani unapita kabla mtu yeyote hajatangaza kwamba pana tatizo. Katika duru ya nne Asha na Juma wamwendee Daudi kila dakika moja kuomba nyongeza ya upangaji wa dakika mbili. Juma anyamaze tena, na Daudi atangaze mara upangaji wake unapokwisha.

Wanafunzi wajibu maswali haya kwa maandishi. Kwa nini duru ya pili inaondoa kengele za uongo lakini inamfanya Neema azidi kuathirika Juma anapokaa kimya? Je, Daudi aweza kumfuta Juma kimakosa ilhali yuko hai, na jambo hilo likitokea, lipi ni afadhali kwa mwenye kuongoza bwawa: kuarifiwa kifo kisichokuwapo, au kutoarifiwa kilichokuwapo? Na Daudi mwenyewe akitoka nje ya darasa, nani atajua?